Yuko Wapi, Tangu Lini, Atarudi Lini: Wasifu wa Bwana Kadi

Mpo mliofika kwa basi, na mpo mliotoka majumbani kwa miguu mkafika kabla jasho halijawatoka. Familia inawashukuru nyote, ila marehemu angewashukuru hao wa miguu kwanza. Kwa miaka thelathini na sita alitamani kuona katika mji huu mazishi ya mtu wa serikali yanayohudhuriwa na majirani waliotembea tu. Hakujaliwa kuyaona, isipokuwa haya ya kwake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Kadi na wengine hamkuwahi kujua kama ana jina jingine, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 katika mji mkuu wa zamani, kwenye chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi saa. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza hakuishi. Miaka mitano baadaye alizaliwa mdogo wake wa kike, ndiye huyu anayewasomea. Baba yao alikuwa na desturi moja asiyoivunja: kila saa iliyoletwa dukani ilifungwa kikaratasi kwa uzi, kimeandikwa ni ya nani, imeletwa lini, itachukuliwa lini. Mama yao alipenda kusimulia jinsi siku moja alivyomtuma mwanawe, akiwa na umri wa miaka tisa, ampeleke mdogo wake kliniki. Yule mdogo alirudi na uzi mkononi na kikaratasi kinaning'inia: "Ya mama. Imetoka saa tatu. Irudishwe kabla ya saa sita." Na kweli ilirudishwa saa sita kasoro robo.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza kidato cha nne Novemba 1968. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu hana haraka, lakini hapotezi kitu. Alama za kuendelea mbele alizipata. Mwaka huohuo macho ya baba yao yakaanza kufifia, na fundi saa asiyeona amekwisha. Bwana Kadi akaiweka barua ya shule kwenye droo, akavaa shati la baba yake lililompwaya mabegani, akaenda kutafuta kazi. Mdogo wake alisoma mpaka akawa mwalimu kwa jasho la kaka huyo, na hajawahi kuambiwa "nilikusomesha mimi", hata siku walipogombana. Na waligombana sana, maana hakuna aliyejaliwa ulimi laini katika nyumba ile.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa karani wa masjala katika wizara inayoshughulikia ardhi. Masjala ni chumba cha majalada: rafu hadi darini, harufu ya karatasi kuukuu, na taa moja ambayo haikuzimwa hata mchana. Huko alikuta desturi ya baba yake imemtangulia. Jalada likitolewa kwenye rafu, mahali pake iliwekwa kadi ya waridi yenye mistari mitatu: Liko wapi. Tangu lini. Litarudi lini. Makarani wengine waliijaza kadi hiyo kwa kujikuna. Yeye aliijaza kama hati ya kiapo, na mstari mtupu ulimnyima raha. Wakubwa walimkimbia kwenye ngazi, wasiulizwe majalada. Katibu Mkuu mmoja aliyekaa na jalada nyumbani kwake miezi minne, siku alipoteremka mwenyewe masjala na wageni wake, alikuta kadi imeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Liko chini ya mto wa Katibu Mkuu." Wageni walicheka. Jalada lilirudi kesho yake, na ndipo jina la Bwana Kadi lilipozaliwa.

Tarehe 13 Desemba 1975 alifunga ndoa na mkunga wa wodi ya wazazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, kama marehemu mwenyewe alivyopenda kumtania. Walijaliwa watoto watatu. Nyuma ya mlango wa nyumba yao palikuwa na misumari mitano na kadi tano za waridi, kila mtu na yake, na hakuna aliyetoka bila kuandika. Kitinda mimba, akiwa na miaka saba, aliwahi kuchapwa kofi moja kwa kuvunja birika, akajificha kwa jirani na kuacha kadi: "Yuko wapi: sisemi. Tangu lini: alipopigwa. Atarudi lini: akiombwa radhi." Baba yake alikwenda kuomba radhi. Alisema fomu imejazwa sawasawa, hana hoja ya kuikataa.

Sasa tufike pale ambapo maisha yake yaligawanyika. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba mji mkuu unahamia hapa. Sheria ikapita, ubao mkubwa ukasimamishwa barabarani, waziri akakata utepe. Kiti cha waziri kililetwa hapa na nailoni yake, na miaka mitatu baadaye nailoni ilikuwa bado haijabanduliwa, kwa sababu waziri mwenyewe, madereva wake na simu yake vyote vilikuwa kule. Wenyeji wa hapa, waliokuwa wakiishi kwa kiwanda cha sabuni na stesheni ya reli, waliuita mji wao "mji mkuu wa ubao". Watu walicheka, na haki yao.

Tarehe 10 Machi 1986 Bwana Kadi aliletwa hapa na malori sita na majalada 11,640. Lakini kabla ya safari hiyo Mkuu wa Masjala wa mji wa zamani alikataa katakata kuyaachia. Kanuni ilisema majalada ya wizara hutunzwa katika jengo fulani, mtaa fulani, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Baada ya wiki tatu za kuvutana ikapatikana njia ambayo wanamasjala peke yao wangeweza kuifikiria: majalada yote yakaazimwa. Kwenye rafu tupu za kule zikabaki kadi 11,640, kila moja ikisema jalada liko makao makuu na litarudi tarehe 30 Juni. Kwa hiyo kila Juni, Bwana Kadi na makarani watatu walisafiri hadi mji wa zamani, wakakaa wiki mbili mbele ya rafu zisizo na kitu, wakiandika tarehe ya mwaka unaofuata. Mji mkuu ulikuwa wa kuazima, na Bwana Kadi ndiye aliyeuongezea muda.

Watu nao walikuwa wa kuazima. Ijumaa saa tisa mabasi yalijaa, na kufika saa kumi mji huu ungeweza kuurushia jiwe usimpate mtu wa serikali. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wageni miaka mitano na jembe hawajaligusa. Wake zao walirudi kule kujifungua. Waliofariki walirudishwa kule kuzikwa. Bwana Kadi alikuwa miongoni mwao, kwa sababu mkewe alikataa kuhama.

"Mimi si faili," alimwambia, amesimama mlangoni na sare zake za kazi. "Siazimwi. Siku serikali yako ikihamia huko kweli, njoo unichukue."

Ikawa kila Jumapili jioni anaandika kwenye kadi ya mlangoni: "Yuko wapi: makao makuu. Atarudi lini: Ijumaa." Aliiandika kwa miaka mitano mfululizo, na wanawe walijua baba ni mtu wa Ijumaa.

Juni 1991 akiwa kule na kalamu yake, akaingia mkulima mmoja mzee, kofia mkononi. Shamba lake lilikuwa na mgogoro wa mpaka. Alikuwa amekwenda makao makuu, akaambiwa faili lake lipo, lakini mwenye mamlaka ya kulifungua yuko mji wa zamani. Akaja mji wa zamani, mwenye mamlaka akamwambia yuko tayari, alete faili. Sasa amepelekwa masjala, na masjala kuna kadi. Mzee yule aliisoma taratibu, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Kwa hiyo, mwanangu," akauliza, "serikali iko safarini?"

Makarani waliangua kicheko. Bwana Kadi hakucheka. Mzee wa watu alikuwa amepanda mabasi manne, na viatu vyake vilikuwa vimefungwa kwa waya. Marehemu aliichukua kadi ile, akakata tarehe, akaandika: "Halirudi." Kisha akavuta ya pili. Makarani wenzake walimwambia, "Bwana, utafukuzwa kazi." Akajibu, "Basi nipisheni nimalize kabla sijafukuzwa." Alimwomba yule mzee arudi naye makao makuu, na afisa mwenye mamlaka akalazimika kulifuata faili huko, akinung'unika basi zima. Marehemu alirudi kwenye rafu zake, na kufikia tarehe 30 Juni kadi zote 11,640 zilisema hivyohivyo.

Barua ya onyo ilikuja, ikimtaka aeleze ni nani aliyempa mamlaka ya kuhamisha wizara. Nakala ya jibu lake tunayo. Ni sentensi mbili: "Sijahamisha wizara. Nimeandika mahali ilipo, kwa kuwa mji mkuu ni pale mwananchi anapouliza faili lake na haambiwi apande basi." Miezi miwili alikaa bila kujua kama ana kazi, na katika miezi hiyo alipungua kilo sita. Kisha Katibu Mkuu mpya akateuliwa, akaisoma barua hiyo, akacheka mpaka akavua miwani, akasaini kanuni kubadilishwa. Maafisa waliotumia majalada wakayafuata yalipo, mmoja mmoja, shingo upande. Nailoni ya kiti cha waziri ilibanduliwa Novemba mwaka huo, na aliyeibandua ni Bwana Kadi mwenyewe, kwa mkasi wa ofisi.

Ijumaa iliyofuata alifika nyumbani akamweleza mkewe. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Faili umeziandikia haziendi kokote. Na wewe je?"

Akachukua kalamu. Mtu aliyeandika kadi elfu kumi na moja bila kusita alishindwa kuandika moja, maana alijua anachomwomba mwenzake akiache. Basi mama akaitoa kadi kwenye msumari, akafuta Ijumaa, akaiweka kwenye mkoba wake pamoja na mikasi ya ukunga. Alihamia hapa Januari 1992. Alisema mji ambamo watu hawazaliwi si mji, ni ofisi, na akaenda kuomba kazi kwenye zahanati ya kiwanda cha sabuni. Tarehe 17 Mei mwaka huo alimpokea mtoto wa dereva wa wizara, mtoto wa kwanza wa mtu aliyekuja na serikali kuzaliwa hapa. Mtoto huyo yupo hapa leo, ana ndevu. Baada yake walikuja mamia, na marehemu alipenda kutembea na mkewe sokoni ili asikie watoto wa watu wakimwita "bibi".

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2009. Wenzake wengi walipanda basi siku ileile ya kukabidhi funguo. Yeye aliwasindikiza hadi kituo cha mabasi, akarudi nyumbani, akapaka mlango rangi. Jumamosi zake alizitumia kuwafundisha vijana wa masjala, na wawili kati yao wamebeba jeneza asubuhi hii. Mungu awabariki kwa mabega yenu.

Maradhi ya moyo yalimwanza Septemba 2020. Alilazwa mara nne katika hospitali iliyo mitaa miwili kutoka nyumbani kwake, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, hasa wale waliovumilia kuulizwa kila asubuhi cheti chake kiko wapi na kitarudi lini. Alifariki Jumapili, tarehe 6 Machi 2022, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mkewe ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Lililotokea baadaye wengine mmelisikia vipandevipande barabarani, kwa hiyo litasemwa hapa lilivyo. Mdogo wake alifika Jumatatu saa nne asubuhi kumchukua. Wazazi wao wamelala katika mji wa zamani, na pembeni ya baba kuna nafasi moja, ambayo mdogo wake ameipalilia kila mwezi kwa miaka kumi na tisa, akijua ni ya kaka yake. Gari la msiba la wastaafu lilikuwa tayari mlangoni. Dereva alishajaza mafuta ya kufika kule bila kumuuliza mtu, kwa kuwa tangu aanze kazi hajawahi kumpeleka marehemu yeyote kwingine.

"Tunaondoka saa ngapi, mama?" dereva aliuliza.

"Saa sita kamili," akajibu mdogo wake.

"Haondoki mtu," mjane akasema kutoka mlangoni.

Walioshuhudia wanajua kwamba sauti zilipanda. Mdogo wake alisema maneno makali, na leo mbele yenu anaomba radhi. Alisema, "Wifi, mwacha asili ni mtumwa. Wewe una mji wako wa serikali, mimi nina kaka mmoja tu."

"Ndiye huyohuyo niliyemfuata huku," mjane akajibu. Kisha akashusha sauti. "Alijua utakuja hivi, wifi yangu. Amekuachia hii."

Ilikuwa kadi yake ya nyuma ya mlango, imeandikwa upya Januari, mwandiko umetetemeka kidogo. Yuko wapi: hapa. Tangu lini: 10 Machi 1986. Atarudi lini: na baada ya hapo, hapakuwa na kitu. Mtu aliyewafukuza wakurugenzi kwenye ngazi kwa sababu ya mstari mtupu alikuwa ameacha mstari mtupu. Chini yake, kwa penseli, aliandika: "Hapa nataka kubaki. Ila nafasi ya pale kwa baba ameitunza mdogo wangu, kwa hiyo mstari huu si wangu kuujaza. Aulizwe yeye."

Mdogo wake alikasirika. Isemwe wazi, alikasirika kwanza, na kulia kukaja baadaye. Aliona ametegwa. Akasema apelekwe aone hilo shamba la makaburi wanalotaka kumtupa ndugu yake. Mwana wa kwanza wa marehemu akamwambia, "Shangazi, ni hapo tu, tutembee."

Ni mwendo wa dakika kumi. Uliwachukua saa nzima. Fundi viatu alisimamisha kazi akawafuata barabarani kuwapa pole. Mama muuza mitungi, mhasibu wa kiwanda, wasichana wa masjala waliotoka ofisini na kalamu masikioni, mwanamume mmoja aliyelia na kujieleza kwamba hakuzoeana na marehemu, ila marehemu alimtafutia faili la mama yake mwaka 1998. Kila mmoja aliuliza swali moja: "Mnampeleka?" Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea watu wa serikali kupelekwa.

Makaburini walimkuta mchimbaji ameegemea koleo lake.

"Miaka ishirini niko hapa," alisema. "Nimewazika wa kiwandani, wa reli, wa sokoni. Wa serikali, sijamchimbia hata mmoja. Wao huwa wanarudi kwao." Akamtazama mdogo wa marehemu. "Huyu wenu, samahani mama, kwao ni wapi?"

Mdogo wake alifungua mdomo kulitaja duka la fundi saa, chumba cha nyuma, mtaa. Duka hilo lilibomolewa mwaka 1994. Aligeuka akatazama barabara waliyojia, na wote wale walikuwa bado wamesimama, wanangoja jibu. Akaomba kalamu. Msichana wa masjala akampa ya sikioni mwake.

Marehemu ameacha mjane mmoja, mkunga mstaafu. Watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili. Wajukuu saba, watano kati yao wamezaliwa katika mji huu kwa mikono ya bibi yao. Na mdogo wake mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye wiki ijayo atakwenda kupalilia pale kwa baba kama kawaida, na ataweka kadi ya waridi ili baba ajue mwanawe yuko wapi. Familia inamshukuru Mungu kwa maisha aliyompa, na inawashukuru ninyi wenyeji kwa kumpokea. Dereva wa gari la msiba yupo nasi, tangi lake limejaa, na ameahidi kuwarudisha wageni kituoni baada ya mazishi.

Kadi mnayoiona imebandikwa juu ya jeneza ndiyo ileile, na mstari wa tatu sasa umejazwa kwa mwandiko wa mdogo wake. Atarudi lini: amefika.

Apumzike hapa, kwa amani.